Kubomoa au kuboresha palipo? Ulinganisho kwa anayechagua mradi wa kuhuisha mtaa

Fedha za kuhuisha mtaa zikishapatikana, mazungumzo huhamia haraka kwenye michoro: majengo mapya, barabara pana, bustani yenye viti. Afya hutajwa kwenye ukurasa wa kwanza wa andiko la mradi, kisha haisikiki tena hadi siku ya kukata utepe. Ulinganisho huu ni wa yule aliye kwenye kamati ya wakazi, idara ya mipango au mfuko unaotoa fedha, ambaye siku moja atainua mkono kuupitisha mradi mmoja na kuuacha mwingine.

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kubomoa na kujenga upya. Ya pili ni kuboresha palipo, wakazi wakiwa humo humo. Ndani ya hiyo ya pili kuna uchaguzi mwingine mgumu zaidi: fedha ziende kwenye nyumba zenyewe, kwenye maji na majitaka, au kwenye viwanja na njia za nje? Msimamo wangu nauweka mapema: kwa mitaa mingi njia ya pili inanunua afya zaidi kwa fedha ile ile, na ya kwanza inafaa pale tu ambapo jengo au ardhi yenyewe ndiyo inayoua.

Kwanza: ni afya ya nani inayopimwa?

Swali hili likirukwa, ulinganisho wote unaharibika. Fikiria mtaa wenye watu wengi wenye pumu, shinikizo la damu na sonona. Ukabomolewa, nyumba mpya zikapangishwa kwa kodi ambayo wengi wa zamani hawaiwezi. Miaka mitano baadaye takwimu za mtaa huo zinapendeza mno. Lakini hakuna aliyepona. Wagonjwa wamehamia kwingine na watu wenye kipato wameingia. Wastani wa ramani umepanda, na mama mwenye pumu sasa anakohoa mtaa wa tatu kutoka hapo, mbali na kliniki iliyokuwa ikimjua.

Jambo hili limefuatiliwa jijini New York. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifuata kumbukumbu za hospitali za watu waliokuwa wakiishi katika mitaa iliyoanza kupanda hadhi. Waliohama kwenda mitaa mingine maskini walionekana mara nyingi zaidi katika vyumba vya dharura, walilazwa zaidi na walihitaji zaidi huduma za afya ya akili kuliko wenzao waliobaki, na tofauti hiyo ilidumu kwa takriban miaka mitano.

Kwa hiyo mradi wowote unaoletwa mezani uulizwe: mtawapima watu wale wale kabla na baada, popote watakapokuwa, au mtapima eneo tu? Anayepima eneo peke yake anaweza kuonyesha mafanikio bila kumponya mtu hata mmoja.

Kubomoa na kujenga upya

Mvuto wa njia hii naulewa. Chumba kimoja kinacholaza watu sita, ukuta unaotoka maji, choo cha kuchangia kaya kumi: mtu akiyaona hayo anatamani yaondolewe yote kwa siku moja. Isitoshe, kinachojengwa upya kinaonekana, na kinachoonekana ndicho kinachopata fedha kirahisi.

Onyo la kukumbukwa zaidi linatoka Stockton-on-Tees, mji wa kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1927 familia 152 ziliondolewa kwenye makazi duni na kupelekwa Mount Pleasant, mtaa mpya wenye nyumba bora kwa kila kigezo cha usafi wa wakati ule. George M'Gonigle, daktari aliyesimamia afya ya mji huo, alihesabu vifo kabla na baada, akalinganisha na familia zilizobaki katika eneo jingine duni la mji huo huo. Alitarajia vifo vipungue. Kwa waliohamia nyumba mpya, viliongezeka. Alipochunguza hakukuta kasoro kwenye nyumba. Alikuta kasoro kwenye bajeti ya familia: kodi ilikuwa imepanda mno, na mahali pekee pa kupunguza matumizi palikuwa kwenye chakula. Watu walikuwa na kuta safi na sahani pungufu.

Karibu karne moja imepita na hesabu ile haijabadilika. Nyumba mpya inapandisha kodi, bili ya umeme, nauli ya kwenda kazini, pengine na tozo ya ulinzi na lifti. Andiko la mradi lisiloonyesha kaya ya kawaida itabaki na kiasi gani baada ya kulipa hayo yote halijaeleza lolote kuhusu afya.

Kuna ushahidi wa upande wa pili pia, na haki ni kuueleza. Nchini Marekani, kuanzia mwaka 1994, maelfu ya familia zilizokuwa kwenye nyumba za umma katika mitaa yenye umaskini mkubwa katika majiji matano ziliingizwa kwenye bahati nasibu. Baadhi zilipata hati ya ruzuku ya kodi ya nyumba kwa sharti la kuhamia mtaa wenye umaskini mdogo. Baada ya miaka 10 hadi 15, wanawake wa familia hizo walikuwa na unene wa kupindukia na kisukari kwa kiwango cha chini kuliko wale ambao hawakupata hati. Mahali peke yake, kwa hiyo, panaweza kuuchosha au kuunusuru mwili. Lakini tazama masharti: familia zilijitolea zenyewe, na kodi ililipiwa ruzuku. Hata hivyo si kila mtu alinufaika. Wasichana walipata nafuu ya akili, ila kwa wavulana sonona na msongo unaofuata kiwewe vilikuwa vingi kuliko kwa wavulana wa familia zisizopata hati. Kuhamisha mtoto ni kumhamisha pia kutoka kwa marafiki, bibi na kocha.

Kuna madhara mengine yasiyofika kwenye michoro. Vumbi la kubomoa lina chembe za silika, madini ya mchanga na zege yanayoumiza mapafu, na majengo mengi ya zamani yana asbestosi, nyuzi za madini zinazoleta saratani zikivutwa, kwenye paa, mabomba na kuta. Panya waliokuwa chini ya jengo hawafi nalo, wanahamia kwa jirani. Na kuna kipindi cha kusubiri, ambacho kwa maoni yangu ndicho kinachopuuzwa kuliko vyote. Mara tu jengo linapotangazwa kuwa litabomolewa, matengenezo yanasimama, kwa sababu nani atabadilisha bomba la jengo linaloondoka? Majirani wanaanza kuhama mmoja mmoja. Taa ya ngazi inaungua na haibadilishwi. Anayebaki, mara nyingi mzee au mgonjwa, anaishi miaka miwili au mitano katika hali mbaya kuliko ile iliyoufanya mradi uanzishwe, bila kujua ataamkia wapi.

Hata hivyo kuna mahali ambapo kubomoa ndiko sahihi: nguzo zimeoza, udongo una sumu ya kiwanda, nyumba ziko kwenye mkondo wa mafuriko au chini ya mteremko unaoporomoka. Hapo kuboresha palipo ni kuwapamba watu mahali pa hatari. Utaratibu wa heshima ni kuanza kwa kujenga nyumba mpya karibu, kuhamisha kaya kwa mafungu, kisha kubomoa. Mradi unaobomoa kwanza na kuahidi baadaye usipitishwe.

Kukarabati nyumba zilizopo

Hapa ushahidi ni mzuri kuliko sifa yake. Nchini Mexico, katika jimbo la Coahuila, mwaka 2000 ulianza mradi wa kumwaga sakafu ya zege juu ya sakafu za udongo, hadi mita za mraba 50 kwa nyumba. Hakikujengwa chumba wala kupakwa rangi. Watafiti walilinganisha familia za mji wa Torreón na majirani zao wa miji pacha iliyo upande wa pili wa mpaka wa jimbo, ambako mradi haukuwepo. Walikadiria kwamba nyumba inapobadilishwa kutoka udongo mtupu hadi zege tupu, maambukizi ya vimelea vya tumboni kwa watoto wadogo yanapungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49 na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Akina mama nao walikuwa na dalili chache za sonona na msongo. Sababu ni rahisi kuiona: mtoto anayetambaa hulamba vidole, na mayai ya minyoo yanayoishi kwenye udongo hayapati makao kwenye zege linalosafishika.

Katika nchi ya baridi tatizo ni jingine na dawa ni nyingine. New Zealand ilifanya jaribio kwa kaya 1,350 zilizokuwa na mtu mwenye maradhi ya kifua, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Nusu ziliwekewa matabaka ya kuzuia joto darini na chini ya sakafu, nusu zikasubiri zamu yao. Joto la vyumba vya kulala lilipanda kwa nusu digrii tu na unyevu ukapungua kidogo, lakini watu waliripoti kifua kupiga miluzi mara chache zaidi, watoto walikosa shule siku chache zaidi, na nishati iliyotumika ilishuka. Wachumi waliopiga hesabu walikuta faida ni kati ya mara moja na nusu na mara mbili ya gharama. Ni nadra mradi wa nyumba kujilipa hivyo.

Glasgow, jiji la Uskoti lililofanya mambo yote mawili kwa pamoja, yaani kubomoa maghorofa na kukarabati maelfu ya nyumba nyingine, lilifuatiliwa kwa muda wa takriban miaka kumi. Limetupa fundisho dogo ambalo nalipenda sana: kati ya kazi zote za ukarabati, kubadilishiwa mlango wa mbele kulihusiana na nafuu ya afya ya akili. Mlango unaofunga vizuri unazuia baridi na mwizi, na kila anayerudi nyumbani anaushika kwa mkono wake. Wakazi wakiulizwa watasema mambo kama haya. Wasipoulizwa, mhandisi ataanza na anachokijua yeye.

Ukarabati nao unaweza kuua. Jengo la Grenfell jijini London lilikarabatiwa na kufunikwa mabamba mapya ya nje, kazi ikakamilika mwaka 2016. Mabamba yale yalikuwa yanashika moto. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017 moto ulipanda kwenye kuta za nje na watu 72 wakapoteza maisha. Kabla ya hapo, baadhi ya wakazi walikuwa wameandika kuhusu hatari za moto katika jengo lao na hawakusikilizwa. Kwa hiyo usalama wa vifaa na sauti ya mkazi viandikwe kwenye mkataba wa mkandarasi, visibaki kuwa ahadi za mkutanoni. Jambo la pili dogo lakini la lazima: ukiziba nyufa, acha njia ya hewa. Nyumba iliyozibwa bila tundu la hewa hufuga ukungu na kukusanya moshi wa jikoni, na fedha za kutibu kifua zinaishia kukiumiza.

Maji na majitaka

Ambako watoto wanaharisha, hapa ndipo pa kuanzia. Lakini namna ya kufanya ina uzito kuliko kufanya kwenyewe. Linganisha miji miwili.

Salvador, nchini Brazili, ulijenga mtandao wa majitaka wa jiji zima. Nyumba zilizounganishwa ziliongezeka kutoka asilimia 26 hadi asilimia 80, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitatu kulipungua kwa takriban asilimia 21. Katika maeneo yaliyokuwa na hali mbaya zaidi mwanzoni, punguzo lilikuwa asilimia 43. Walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wameumia zaidi, na si miradi mingi inayoweza kusema hivyo.

Maputo, nchini Msumbiji, vyoo duni vya kuchangia katika viwanja vya makazi vilibadilishwa kwa vyoo bora vyenye matangi ya majitaka. Vyoo vilipendwa na vilitumika. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja na baada ya miwili, maambukizi ya tumbo kwa watoto kwa ujumla hayakupungua. Nafuu ilionekana kwa aina chache za vimelea, na kwa watoto waliozaliwa baada ya vyoo kujengwa.

Sisemi Maputo walikosea. Mtoto haishii kwenye uwanja wa kwao: anacheza kwa jirani, maji ya mtaro yanapita kwa wote, na kinyesi cha kaya kumi zisizo na choo bora kinamfikia aliye nacho. Choo kizuri kinampa mtu staha na usalama wa usiku, na hilo peke yake linatosha kukijenga. Lakini anayetaka kuhara kupungue aelekeze fedha kwenye mtandao unaoufikia mtaa mzima, mitaro ikiwemo, badala ya kuzitawanya uwanja mmoja hapa na mwingine kule.

Viwanja, miti na njia

Philadelphia, Marekani, kulikuwa na maelfu ya viwanja vitupu vilivyogeuka majalala. Watafiti walichukua viwanja 541 na kuvigawa kwa bahati nasibu makundi matatu: vingine viliondolewa taka, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye mwanya wa kuingilia, vingine viliondolewa taka tu, vingine viliachwa. Mwaka 2018 walitangaza matokeo. Watu walioishi karibu na viwanja vilivyopandwa nyasi walisema kujisikia na huzuni kumepungua kwa asilimia 41.5, na katika mitaa maskini zaidi kwa asilimia 68.7. Kuondoa taka peke yake hakukuleta tofauti ya kuaminika. Katika mitaa maskini ya jiji hilo, karibu na viwanja vilivyoshughulikiwa, matukio ya risasi yalipungua kwa asilimia 29. Gharama ilikuwa takriban dola 1,600 kwa kiwanja na dola 180 kwa mwaka za kukitunza. Ukilinganisha na bei ya ghorofa moja, sijui mtu anapata wapi sababu ya kutoanzia hapa.

Hizo dola 180 ndizo siri ya mradi. Nyasi zisizokatwa zinageuka tena jalala baada ya misimu miwili, na mtaa uliotelekezwa mara ya pili unavunjika moyo kuliko mara ya kwanza. Bajeti isiyo na mstari wa matengenezo ikataliwe.

Usafiri nao una nafasi yake. Medellín, nchini Colombia, mwaka 2004 ilizindua magari ya kebo yanayounganisha mitaa ya mlimani na treni ya jiji, yakifuatana na taa, njia za miguu na maktaba. Mauaji yalikuwa yakishuka jijini kote, lakini katika mitaa iliyounganishwa punguzo lilizidi la mitaa ya kulinganisha kwa asilimia 66.

Angalizo ni lile la mwanzo: bustani nzuri na usafiri mzuri hupandisha bei ya ardhi. Kwa mpangaji asiye na mkataba wa kumlinda, mti uliopandwa leo unaweza kuwa notisi ya kuhama kesho.

Muda

Uingereza iliendesha kwa takriban miaka kumi, kuanzia mwaka 1998, mpango wa mitaa 39 iliyoachwa nyuma. Mabadiliko makubwa yalionekana kwenye mahali: watu waliridhika zaidi na mtaa wao na kuogopa uhalifu kidogo zaidi. Afya ya mwili ilisogea polepole. Matokeo ya tumbo na kifua huja ndani ya miezi, ya akili ndani ya mwaka au miwili, ya moyo na kisukari baada ya miaka kumi au zaidi. Mfadhili anayedai shinikizo la damu lishuke ndani ya miaka mitatu anawasukuma watekelezaji kupika takwimu.

Basi uchague vipi?

Anza na daftari la zahanati, michoro ifuate. Kinachowaleta watoto wa mtaa wako ni kuhara na minyoo? Majitaka ya mtaa mzima na sakafu vinatangulia kila kitu. Ni kifua na pumu? Unyevu, baridi, ukungu na moshi wa ndani. Ni majeraha, hofu na usingizi wa mang'amung'amu? Viwanja, taa, njia na milango. Yakiwepo yote, na mara nyingi yapo yote, anza na majitaka kwa sababu kuchimba kunaharibu chochote kilichotangulia juu yake, huku viwanja vitupu vikishughulikiwa sambamba kwa kuwa ni rahisi na watu wanaona kazi imeanza.

Ukiletewa mradi wa kubomoa, dai mambo matatu kwa maandishi kabla ya kujadili rangi ya kuta: orodha ya kila kaya iliyopo, wapangaji wakiwemo na si wenye nyumba tu, kiwango cha kodi ambacho kaya hizo hizo zitalipa zikirudi, na kwa miaka mingapi, na mahali zitakapoishi wakati wa ujenzi, kwa anwani. Orodha hiyo ndiyo itakayowawezesha wapimaji kuwatafuta watu wale wale baada ya miaka mitano na kuwauliza wanapumuaje, wanalalaje na wanakula mara ngapi kwa siku. Msanifu akijibu kwamba hayo yatashughulikiwa baadaye, kura yako iwe ya hapana hadi yatakaposhughulikiwa.